Tangazo la treni husomwa kuanzia kipande, si saa

Chukua tangazo la kawaida la msimu wa mvua. Limebandikwa dirishani kwenye stesheni ya Kigoma, na picha yake imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: safari ya kwenda Dar es Salaam imesogezwa mbele kutokana na maji kuharibu njia kati ya Kilosa na Gulwe. Abiria wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye tarehe mpya, wakaguna, wakaondoka. Lakini Gulwe iko zaidi ya kilomita 800 za reli mashariki ya Kigoma, na katika foleni hiyo hiyo yuko mama anayekwenda Urambo na magunia yake ya dagaa. Kwake yeye, je, treni ipo au haipo?

Jibu linategemea neno ambalo watu hulipita haraka: kipande. Tangazo lolote la reli linaposema "kati ya stesheni fulani na fulani", hapo ndipo pa kuanzia. Ukishajua kipande kilichoziba kiko upande gani wa Tabora, mengine yote unaweza kuyakisia hata kabla hujafika dirishani.

Reli ya zamani, yaani Reli ya Kati, yenye upana wa milimita 1,000, inatoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa takribani kilomita 1,250. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, na baadaye tawi la Mpanda linalochepukia Kaliua na kuvuka mto Ugalla. Kwa hiyo Tabora ndiyo fundo. Kwa desturi ya miaka mingi, mabehewa yanayotoka Dar es Salaam hugawanywa hapo: ya Kigoma yake, ya Mwanza yake, na ya Mpanda vilevile. Njia ikikatika mashariki ya Tabora, matawi yote matatu hupungukiwa mabehewa na vichwa vya treni, ingawa reli zao zenyewe ni nzima. Ikikatika Malagarasi, abiria wa Mwanza hana habari.

Basi mama wa dagaa asiulize "treni ipo lini?" Aulize: "Kuna mabehewa na kichwa upande huu wa Tabora?" Kukatika kwa Kilosa hakuzuii treni ya ndani kati ya Kigoma na Tabora kama vifaa vimebaki magharibi. Hilo ni jambo la uamuzi wa uendeshaji, na uamuzi huo hutoka kwa tangazo la pili, ambalo mara nyingi huja siku moja au mbili baada ya la kwanza. Wengi hawalisubiri; wanakuwa wameshapanda basi.

Angalia pia ni neno gani limetumika juu ya safari yenyewe. Iliyochelewa bado ina treni yake: usiondoke mbali na stesheni, kwa sababu treni ikipata nafasi ya kufidia muda uliopotea haitakusubiri. Iliyoahirishwa imepewa siku nyingine, na tiketi yako kwa kawaida inahamia huko, lakini nafasi ya kulala isichukuliwe kwa kudhani. Nenda ukaihakikishe kwa namba ya behewa na ya kitanda. Iliyofutwa haina treni, na hapo ndipo suala la kurudishiwa nauli linapokuja. Huduma iliyositishwa ni jambo jingine kabisa: ni kipande kizima kimefungwa hadi itakapotangazwa tena, na tarehe yoyote utakayoisikia mtaani ni ya kubuni. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliharibu vibaya njia kati ya Kilosa na Gulwe, mahali ambapo reli inafuata bonde la mto Mkondoa, na usafiri wa abiria ukakatika kwa miezi. Wakati wote huo tiketi ya mkononi ndiyo iliyokuwa ushahidi wa msafiri. Usiitupe, usiikunje mpaka namba zifutike, na kama ni ya simu, piga picha ya skrini.

Kwa nini saa moja ya huko inakuwa saa sita za hapa

Reli ya kati ni njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni yenye njia ya pembeni. Kabla dereva hajaingia kipande cha mbele, stesheni ya mbele lazima ikubali kwamba kipande ki wazi. Bila ruhusa hiyo haendi hata kama anaona njia nyeupe kilomita tano. Abiria wanaolalamika kwamba "tumesimama porini bila sababu" kwa kawaida wamesimama kwa sababu hiyo. Ajali ya Igandu ya tarehe 24 Juni 2002, ambapo treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na treni ya mizigo na kuua zaidi ya watu 280, inatosha kueleza kwa nini kipande kimoja hakipewi treni mbili.

Sasa piga hesabu. Tuseme stesheni mbili zimeachana kilomita 20, na treni ya mizigo inakuja kwa kilomita 30 kwa saa. Inahitaji dakika 40 kukimaliza kipande. Ninyi mliofika stesheni dakika mbili baada ya yenyewe kuingia mtakaa dakika 38, na bado hamjapewa njia. Kama kuna ya pili nyuma yake, ongezeni dakika 40 nyingine pamoja na muda wa kuomba na kupewa kipande. Kama treni hiyo ni ndefu kuliko njia ya pembeni ya stesheni yenu, haiwezi kuingia humo kuwapisha hata ikitaka. Nyinyi ndio mtakaoingia pembeni na kusubiri. Na kichwa kikiharibika katikati ya kipande, cha kuja kukivuta huenda kikatoka Tabora, kikipita vipande vyote vya katikati kwa utaratibu ule ule. Ucheleweshaji katika njia moja haujumlishwi tu, unazaana.

Kuna na mwendo wa tahadhari, ambao matangazo hayautaji mara kwa mara ila ndio unaokula muda mwingi. Kilomita tano kwa mwendo wa 50 kwa saa ni dakika 6. Kilomita hizo hizo kwa mwendo wa 15 ni dakika 20. Sehemu moja ya namna hiyo inakula dakika 14; zikiwa kumi katika safari, ni saa mbili na dakika 20 zimekwenda bila kitu chochote kuharibika.

Sehemu hizo zinatokeaje? Kwa mvua, kisa kinaanzia kwenye kalavati, njia ya maji inayopita chini ya tuta la reli. Magogo, majani na mchanga vinaziba mdomo wake, maji yanapanda upande mmoja wa tuta, yanatafuta pa kutokea, yanabeba kokoto kisha udongo. Ukitazama kwa mbali reli ipo sawasawa. Ukikaribia unaona mataruma, yale magogo au vyuma vya kulalia reli, yananing'inia hewani yakiwa bado yamefungwa kwenye chuma. Ndiyo maana baada ya usiku wa mvua kubwa kiberenge cha wakaguzi, kigari kidogo cha reli, hutangulia. Kujaza pengo kwa mawe na kifusi kunaweza kuchukua siku chache, lakini tuta jipya halijashikana, kwa hiyo hupitishwa kwanza treni ya kokoto, kisha ya mizigo, kisha abiria kwa mwendo wa kutambaa. Tangazo likisema njia imefunguliwa, usitegemee ratiba ya kawaida wiki hiyo.

Kwa jua, kisa ni kingine. Tabora mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijafika, chuma cha reli kikiachwa juani hupata moto kuliko hewa inayokizunguka. Pande la reli la mita 12 likipanda nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi mchana hurefuka kwa milimita 4 hivi. Ndiyo maana kwenye maungio huachwa nafasi, na ule mdundo wa magurudumu unaousikia usiku unatoka hapo. Nafasi zikibanwa na kutu, au kokoto zikiwa chache pembeni ya mataruma, chuma hakina pa kwenda isipokuwa kujipinda. Genge la matengenezo linapoona dalili hizo, mwendo hupunguzwa mchana.

Magharibi ya Tabora hali ina sababu yake ya ziada. Mradi mkubwa wa kukarabati reli ya zamani uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulihusu Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Isaka iko kwenye tawi la Mwanza. Kipande cha Tabora–Kigoma, takribani kilomita 411, na cha Kaliua–Mpanda havikuwamo. Mtu wa Uvinza anayeshangaa kwa nini treni yake inatembea kwa madaha kuliko ya Shinyanga, jibu lake moja ni hilo. La pili ni maji: kati ya Nguruka na Uvinza reli inapita ukanda wa Malagarasi, ardhioevu ambayo mwaka 2000 iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar. Mahali pazuri pa ndege, pabaya pa tuta.

Saa na siku

Hapa watu wengi huachwa bila kosa la reli. Ratiba zilizochapishwa hutumia mtindo wa saa 24: 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni, 06:15 ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hatari kubwa iko kwenye treni za usiku wa manane. Treni ya Tabora iliyoandikwa Jumamosi saa 00:40 inaondoka saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani mtu anatakiwa awe stesheni Ijumaa usiku. Ukienda Jumamosi baada ya chakula cha usiku, umechelewa karibu siku nzima. Ukisoma tangazo lenye saa inayoanza na 00, 01 au 02, muulize karani maneno haya haya: "Ni usiku wa kuamkia siku gani?"

Na mzigo una saa yake. Magunia ya dagaa, madumu ya mawese au ya asali yanayosafiri kwenye behewa la mizigo lazima yapimwe, yaandikwe na kulipiwa kabla ya treni kuingia. Treni ikichelewa kufika, muda wa kusimama hufupishwa, na kinachokatwa kwanza ni upakiaji. Kama safari imeahirishwa na mzigo wako ni wa kuharibika, omba karatasi ya mzigo ibadilishwe tarehe au urudishiwe mzigo siku hiyo hiyo. Dagaa wa siku tatu kwenye ghala la stesheni hawana mteja.

Reli mbili, matangazo mawili

Tangu huduma ya reli ya kisasa, SGR, ianze mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni na kufika Dodoma mwezi Julai, matangazo ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) yamekuwa ya aina mbili, na mitandaoni yanachanganyikana. Tangazo la hitilafu ya umeme haligusi treni ya Kigoma, kwa sababu ya Kigoma inavutwa na vichwa vya dizeli. Linamgusa msafiri aliyepanga kushuka Dodoma na kuendelea kwa SGR. Huyo ajue kwamba Dodoma kuna stesheni mbili tofauti, ya zamani na ya SGR, na kwamba anabeba tiketi mbili zisizojuana. Treni ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri. Aache pengo la kutosha. Katika msimu wa mvua, kulala Dodoma ni nafuu kuliko kununua tiketi mara mbili.

Takwimu za ujenzi nazo zinachanganya. Mkataba wa SGR ya Tabora–Kigoma, uliosainiwa Desemba 2022, unataja kilomita 506, na watu wameuliza iweje reli mpya iwe ndefu kuliko ya Mjerumani. Haijawa ndefu. Kilomita 411 ni njia kuu, na 95 ni njia za kupishania na za stesheni. Vivyo hivyo kwa Makutupora–Tabora: 368 za mkataba zimejumlisha njia za pembeni. Kwa hiyo usigawanye kilomita za mkataba kwa mwendo wa treni ukapata saa za safari.

Mkutano ukiitishwa kijijini

Upande wa pili wa taarifa za reli ni mikutano: gari la matangazo linapita Usinge au Kazuramimba, mtendaji anapuliza kipenga, wageni wanakaa mbele. Tatizo la mikutano hii ni kwamba kuna aina kadhaa, na maswali ya mkutano mmoja huulizwa kwenye mwingine. Mtu anasimama kudai fidia ya shamba mbele ya maofisa waliokuja kufundisha usalama. Wanaandika, wanaondoka, na yeye anaamini ameshawasilisha malalamiko.

Mkutano wa nauli ni wa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Ni LATRA inayoidhinisha nauli. Ile ya shilingi 31,000 ya daraja la kawaida la SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilitangazwa nayo. Malalamiko ya huduma huanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, yakiwa na tarehe, namba ya treni na nakala ya tiketi. Usiporidhika, ndipo unakwenda LATRA. Lipo pia baraza la watumiaji, LATRA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea abiria.

Mkutano wa mkandarasi wa SGR hushughulikia vumbi, milipuko ya mawe, mashimo ya kifusi yaliyoachwa wazi, ajira na mishahara. Hapa kuna jambo moja la haraka kuliko yote: vivuko. SGR haina makutano ya barabara usawa wa reli; inajengwa na uzio, na watu na mifugo hupita chini au juu. Mfugaji wa Kaliua mwenye ng'ombe 200 anataka kujua kivuko kiko wapi na kina urefu na upana gani, na wakati wa kusema ni kabla zege halijamwagwa. Baada ya hapo kuhamisha kivuko ni ndoto. Nendeni na ramani ya mkono inayoonyesha josho, kisima, shule na njia za ng'ombe. Maneno matupu "tunaomba kivuko" hayamsaidii mhandisi.

Mkutano wa fidia ndio unaohitaji utulivu. Jambo la kwanza mthamini, mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali, anataka kujua ni kama ulichonacho kiko ndani au nje ya hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi ya reli, kwa hiyo zijue bikoni, alama za mpaka, zilipo kabla hajafika. Nje ya hifadhi, fidia ina mafungu yake: thamani ya ardhi na maendelezo (nyumba, miti, mazao), posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida. Posho ya makazi ni pango la soko la mwezi mara miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 50,000 inakupa 1,800,000. Hasara ya faida ni faida halisi ya mwezi mara 36, ila lazima uithibitishe kwa hesabu, na hapo ndipo wenye maduka wengi hukwama kwa kukosa daftari. Posho ya usafiri hukokotolewa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kiwanja kitupu hakipati usafiri, makazi wala hasara ya faida.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabu miembe yako na mthamini, mti mmoja mmoja, pamoja na kisima, choo na uzio, kisha soma fomu kabla ya kusaini. Jina kwenye fomu, kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye akaunti ya benki liwe moja, herufi kwa herufi. Juma Hamisi Juma na Juma Hamis ni watu wawili mbele ya benki. Kama shamba ni la marehemu, msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani mapema; majedwali mengi, yaani orodha za wanaofidiwa, hulipwa, na majina ya marehemu yakabaki bila malipo. Makaburi yana utaratibu wake, usiyaingize kwenye hesabu ya shamba.

Halafu anza kuhesabu muda. Kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe jedwali. Ikipita hapo, riba inaanza. Ikifika miaka miwili bila malipo, uthamini ule umekwisha nguvu na unapaswa kurudiwa kwa bei za wakati huo. Swali la kuuliza mkutanoni, basi, ni hili: "Jedwali letu liliidhinishwa tarehe ngapi?" Mkiandikiwa tarehe hiyo, mnaweza kufuatilia wenyewe.

Mkutano wa usalama watu huuona mwepesi, hasa ukifanyika shuleni. Lakini treni iliyobeba mzigo huhitaji mamia ya mita, wakati mwingine zaidi ya kilomita, kusimama. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa tairi kwenye lami. Dereva akimwona mwenye bodaboda kwenye makutano, kilichobaki kwake ni honi. Na boliti moja iliyofunguliwa kwenye ungio ikauzwa chuma chakavu inaweza kuangusha behewa.

SGR inaleta jambo geni kwa Tabora na Kigoma: nyaya za juu zenye volti 25,000, zaidi ya mara 100 ya umeme wa nyumbani. Umeme wa kiwango hicho unaruka hewani, hauhitaji kuguswa. Anayevuka darajani na fito ndefu au bomba la chuma begani alibebe likiwa limelala, si kulisimamisha. Mtoto asipande juu ya behewa, hata lililoegeshwa, na hata kama treni haijaanza kutembea: nyaya huweza kuwashwa kwa majaribio miezi kabla ya siku ya uzinduzi, na tangazo la kuwashwa umeme ndilo moja ambalo kijiji kizima kinapaswa kulisikia kabla ya jioni ya siku lilipotolewa.